Turkana, kaunti ya jangwa kaskazini mwa Kenya: watu waliishije huko, na kwa nini utajiri wake hauwafikii?

Mwalimu wa Katindo (Goma) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Goma. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na kwa miaka 6 sasa mdogo wangu wa kike anaishi Kakuma, katika kambi ya wakimbizi iliyo ndani ya kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Tunapozungumza kwa simu hunieleza mambo ambayo siyapati katika vitabu nilivyo navyo. Siku moja aliniambia: “Yaya, hapa mto ni mchanga mtupu miezi na miezi, watu wanatembea ndani yake kama barabara, kisha usiku mmoja unashuka kwa kishindo bila tone la mvua kuanguka kwetu, na asubuhi mbuzi na vyombo vya watu vimekwenda na maji.” Nilipowasimulia wanafunzi wangu, ambao wamezaliwa kando ya ziwa na mvua hawaijui kuwa kitu cha kungojewa, mmoja aliinua mkono akauliza: kama nchi hiyo haina mvua, watu wake walifuata nini huko hata wakakaa? Sikuweza kumjibu, nami sipendi kumdanganya mtoto.

Niliyokwisha kuyakusanya ni machache. Turkana ni moja ya kaunti 47 zilizowekwa na katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na makao yake makuu ni mji wa Lodwar. Ukubwa wake unapita kilometa za mraba 68,000, maana yake ni kubwa kuliko Kivu Kaskazini yetu nzima, ambayo haifiki 60,000. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 tu. Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, na sisi hapa tunapita 1,000. Upande wa mashariki kuna Ziwa Turkana, lenye urefu unaozidi kilometa 250, ambalo kwa asili ni ndugu wa Ziwa Kivu, kwa kuwa yote mawili yamelala katika Bonde la Ufa, moja katika mkono wa mashariki na jingine katika mkono wa magharibi. Tofauti yao ni kwamba Kivu iko juu, mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yake hutoka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Turkana iko chini, mita 360 hivi, haina mto wa kutokea, na maji yake huondoka kwa njia moja tu, nayo ni jua.

Ninachokosa ni historia na uchumi. Nasoma kwamba mafuta ya petroli yaligunduliwa huko 2012, kwamba kuna mitambo mikubwa ya umeme wa upepo, kwamba kuna samaki, kwamba mashirika ya misaada yamejaa. Halafu katika ukurasa huohuo nasoma kwamba Turkana ni miongoni mwa kaunti maskini kabisa za Kenya. Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa kwamba utajiri na njaa vinaweza kulala katika nyumba moja, lakini kila nyumba ina sababu zake, na ningependa kuzijua za huko. Nitafurahi hasa kama atanijibu mtu aliyewahi kuikanyaga nchi hiyo kwa miguu yake.

Mama Neema (Bukavu) anajibu:

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba hakuna aliyefuata mvua Turkana. Watu walifuata mifugo. Mimi niliishi Kakuma tangu 2008 hadi 2017, nikiuza unga na vitenge, na mtu aliyenifundisha nchi ile alikuwa mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akiniletea makaa. Yeye alinisimulia jinsi fahali mmoja wa rangi ya kijivu alivyopotea katika nchi ya Wajie, ambayo leo iko Karamoja nchini Uganda, akateremka hadi bonde la Tarash. Vijana waliofuata nyayo zake wakamkuta akitunzwa na bibi mmoja aliyeitwa Nayece, ambaye alikuwa akiokota matunda ya mwituni, nao walipoona malisho ya bonde lile wakarudi kuwaita wenzao. Ndivyo Waturkana wanavyoeleza mwanzo wao. Lugha nayo inathibitisha undugu huo, kwa sababu Waturkana wanasikilizana na Wajie na Wakaramojong wa Uganda, na Watoposa wa Sudani Kusini, na Wanyangatom wa Ethiopia, hata kama mara nyingi wamenyang’anyana ng’ombe. Na si kunyang’anyana tu: mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipatana pale Lokiriama, na hadi leo hukutana kila mwaka kuukumbuka mkataba huo.

Kuhusu jangwa lenyewe, usiwaonyeshe watoto picha ya milima ya mchanga. Sehemu kubwa ya Turkana ni mawe ya volkano, meusi kama yale mnayojengea nyumba huko Goma, pamoja na miiba, na katikati yake kuna mikondo ya mchanga wanayoiita laga. Ni mto unaofanya kazi siku chache kwa mwaka. Mdogo wako amesema kweli: mto wa Kakuma, ambao ndio huo Tarash au Tarach, hupata maji ya milima iliyo upande wa Uganda, kwa hiyo mvua ikinyesha huko juu, chini watu wanaona mafuriko chini ya anga safi. Turkwel vilevile huanzia mlima Elgon, mbali sana kusini, nao ndio uliofanya Lodwar iwepo mahali ilipo.

Mto ukikauka haujafa, kwa maana maji yamelala chini ya mchanga. Nimesimama mara nyingi juu ya shimo la laga wakati wa kiangazi nikitazama wanawake watatu waliopangana ngazi kwa ngazi, wa chini kabisa asionekane ila mkono wake, akichota kwa bakuli, akimpa wa pili, wa pili akimpa wa juu, na wote wakiimba ili mwendo usikatike. Maji ya kwanza ni tope. Hayo hunyweshwa mbuzi. Kisha wa chini huacha kuchota, akangoja mchanga ujichuje, na yale yanayofuata ndiyo ya kupikia. Kuanzia alfajiri hadi jua la saa 4 mtu anaweza kurudi na madumu mawili.

Jambo ambalo wageni wengi hawalioni ni kwamba nchi ile ina wenyewe, hata pale panapoonekana patupu. Miti ya kando ya mto, hasa migunga ambayo maganda yake hulisha mbuzi wakati majani yamekwisha, imegawanywa kwa familia, kila familia na kipande chake cha ukingo ambacho kwa lugha yao huitwa ekwar. Hakuna ua wala hati, lakini kila mtu anajua kipande kinaanzia wapi. Wazee hukaa chini ya mti mmoja mkubwa, kila mwanamume juu ya kigoda chake kidogo cha mbao, ekicholong, ambacho pia ndicho mto wa kulalia kichwa, na hapo huamua nani ahamie wapi. Familia moja huwagawa wanyama wake: ngamia na mbuzi, wanaokula majani ya vichaka, hubaki tambarare, na ng’ombe, wanaotaka nyasi, hupelekwa milimani, Loima au Songot, hata kuvuka mpaka. Kuhamahama huko ndiyo hesabu yao ya maisha, kwa kuwa mahali pamoja pa Turkana hapawezi kulisha kundi mwaka mzima. Tatizo huja pale njia zinapofungwa kwa mpaka, kwa vita au kwa bunduki za wezi wa mifugo, kwa sababu hapo ukame wa kawaida hugeuka kuwa njaa. Kati ya 1979 na 1981 ukame na magonjwa ya mifugo viliwamaliza wengi, na wao huita wakati huo Lopiar, yaani uliofagia kila kitu. Kutoka mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu 5 mfululizo, jambo ambalo hata wazee hawakuwa wamelizoea.

Sasa nije kwenye kambi, maana ndiko aliko ndugu yako. Kakuma ilianza 1992, ilipopokea vijana wa Sudani waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia, kisha wakaja Wasomali, sisi Wakongo, Warundi na wengine. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa 2016, ina watu wanaokaribia 300,000. Ni mji mkubwa uliosimama mahali ambapo wenyeji walikuwa wakipitisha mbuzi. IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia linalokopesha biashara binafsi, lilichapisha utafiti mwaka 2018 likasema kwamba matumizi ya watu wa Kakuma yanafikia dola milioni 56 kwa mwaka, na kwamba maduka na biashara zinapita 2,000. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Kuanzia 2015 sehemu ya mgao wa chakula ilikuja kwa simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, mteja akawa ananunua anachotaka kwa mfanyabiashara aliyeandikishwa, na siku ujumbe ulipoingia soko lilijaa kama soko letu la Kadutu hapa Bukavu siku ya mkesha wa Noeli.

Lakini kuni hatukuwa na ruhusa ya kukata, na ni haki, kwa sababu miti ile ina wenyewe. Aliyejaribu alipigwa. Hivyo makaa na kuni viliachwa kwa Waturkana, nasi tukawalipa kwa unga wa mgao; mgao ulipopungua, meza mbili zilikosa chakula, yetu na ya yule mama wa makaa. Watoto wake walikonda pamoja na wangu.

Ninyi wa Goma mtanielewa pia nikiwaambia habari za Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudani Kusini. Kuanzia 1989 Umoja wa Mataifa uliufanya mji huo kituo cha kupeleka chakula Sudani kwa ndege. Zikafunguliwa hoteli, gereji, kazi za ulinzi na za kupika. Amani ya Sudani iliposainiwa 2005 mashirika yakahamia Juba, na waliojenga nyumba za kupangisha wakabaki na funguo mikononi.

Mwana Kamalondo (Lubumbashi) anajibu:

Ndugu Mwalimu, Mama Neema ameieleza nchi vizuri kiasi kwamba sina la kuongeza hapo. Mimi nimesomea sheria ya madini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilinganisha namna nchi za Afrika zinavyogawa mapato ya ardhi yao. Kwa maoni yangu, umaskini wa Turkana hautokani na jua peke yake. Ulipangwa kwa sheria, na sheria hizo zina tarehe.

Waturkana walijua jina la ziwa lao kabla ya mwezi Machi 1888, siku ambazo wasafiri wawili wa Ulaya, Teleki na von Höhnel, walifika wakaliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Jina hilo lilidumu kwenye ramani hadi 1975. Waingereza waliofuata walikutana na upinzani mkali, na mwaka 1918 walituma msafara mkubwa wa kijeshi uliowavunja Waturkana nguvu na kuwanyang’anya mifugo mingi mno. Hadi 1926 eneo hilo lilihesabiwa kuwa la Uganda, ndipo likahamishiwa Kenya. Kisha ikaja sheria ya 1934 iliyoitaja Turkana miongoni mwa wilaya za pekee: mgeni haingii bila kibali, mwenyeji hatoki bila kibali. Mahali ambapo mfanyabiashara, mwalimu na mganga hawaingii bila karatasi, hata barabara haina sababu ya kujengwa.

Nchi iliyofungwa namna hiyo ilifaa kwa kazi moja, nayo ni kufungia watu. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, na 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, alikokaa chini ya ulinzi hadi 1961. Sisi wa Lubumbashi tunaifahamu desturi hiyo ya wakoloni ya kumtupa mtu mbali na kwao ili asahauliwe, kwa kuwa Simon Kimbangu, mhubiri wa Kongo aliyeogopwa na Wabelgiji, aliletwa gerezani hapa hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville, akafia humu tarehe 12 Oktoba 1951 baada ya miaka 30 ya kifungo.

Uhuru haukubadilisha mambo haraka. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa waraka wa mpango wa uchumi, ule unaojulikana kama Waraka Namba 10, uliosema wazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza pale penye udongo mzuri, mvua na njia za usafiri, ili faida yake isaidie maeneo mengine baadaye. Hiyo “baadaye” Turkana iliingoja karibu nusu karne. Mfano unaoniuma ni bwawa la umeme la Turkwel, lililoanza kazi 1991 kwa uwezo wa megawati 106: umeme ulipanda kwenda kusini, na kwa miaka mingi Lodwar, ambao unanywa maji ya mto huohuo, uliendelea kuwashwa kwa jenereta za dizeli. Msomaji wa Katanga hahitaji tafsiri. Waya wa Inga unasafiri kilometa 1,700 hivi kufika Kolwezi, ukipita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha koroboi, ili umeme ufike migodini.

Kuhusu petroli, kampuni ya Tullow iliyapata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar, Machi 2012. Kiasi kinachodhaniwa kuweza kuchimbwa kinapita mapipa milioni 500. Ila mafuta hayo yana nta nyingi. Yakipoa huganda, kama mawese yanavyoganda chupani mwetu asubuhi za Juni, kwa hiyo bomba la kuyapeleka bandari ya Lamu, zaidi ya kilometa 800, lingehitaji kupashwa joto njia nzima. Bomba halijajengwa. Juni 2018 walianza kuyasafirisha kwa malori hadi Mombasa, na mwezi huohuo wananchi wakayazuia malori barabarani, wakidai kwanza ulinzi dhidi ya majambazi na wezi wa mifugo. Dai hilo nalipenda kwa ukweli wake: mtu anayeona msafara wa mafuta ukilindwa na mbuzi wake hawalindwi ana haki ya kusimama barabarani. Shehena ya kwanza iliondoka Mombasa Agosti 2019, mwaka uliofuata malori yakasimama, washirika wawili wa Tullow wakajitoa 2023, na 2025 Tullow yenyewe ikauza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120.

Sheria ya petroli ya 2019 inasema kwamba katika fungu la serikali, asilimia 75 ni ya taifa, 20 ya kaunti, na 5 ya jamii inayokaa penye mafuta. Kodi yetu ya madini chini ya kanuni ya 2018 hugawanywa 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa manispaa au sekta, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa karatasi sisi tunawazidi. Mwananchi wa sekta fulani ya Lualaba, anayeona vumbi la kobalti juu ya mihogo yake, atakuambia mwenyewe kama hiyo 15 ameiona.

Kilichobadilika kweli Turkana, kwa maoni yangu, ni ule mfumo ambao Wakenya wanauita ugatuzi na sisi tunauita desantralizasio. Tangu 2013 kaunti ina gavana na bunge lake, na katiba inalazimisha angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa igawiwe kaunti zote kwa fomula inayotazama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Kwa fomula hiyo Turkana, ambayo zamani haikuhesabiwa, katika miaka ya mwanzo ilikuwa ikipokea fungu la pili kwa ukubwa baada ya Nairobi. Fedha hizo zimekuwa na maana kubwa kuliko petroli, kwa sababu zimefika. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 175, iliahidi kwamba majimbo yatabaki na asilimia 40, na mwaka 2015 majimbo 11 yakafanywa 26, Katanga yetu ikagawanywa kuwa majimbo 4. Magavana wote wanaendelea kuisubiri hiyo 40 itoke Kinshasa.

Mwalimu wa Katindo (Goma):

Mama Neema, Ndugu Mwana Kamalondo, sina maneno ya kuwashukuru. Habari ya ekwar nitaifundisha kama ilivyo, kwa kuwa vitabu vyetu huandika “ardhi isiyotumika” kila penye miiba. Yamebaki mambo mawili. Je, umeme wa upepo ni mapato ya kaunti? Na ziwa kubwa kiasi hicho, kwa nini halilishi watu? Hapa sambaza, dagaa wetu wa Kivu, wanasomesha watoto.

Dada Riziki, soko la Virunga (Goma) anajibu:

Mwalimu, upepo si wa Turkana. Mitambo ile 365, yenye megawati 310, imebeba jina la ziwa, lakini imesimama ng’ambo ya mashariki, kaunti ya Marsabit, upande wa Loiyangalani. Ilizinduliwa 2019, na 2021 mahakama ikatamka kwamba ardhi yake ilipatikana bila kufuata sheria. Watu wengi huchanganya.

Ziwa ndilo ninalolijua, kwa kuwa ninauza samaki. Makayabu, yaani samaki wa chumvi, unayoyaona hapa sokoni si yote ya bahari: sehemu ni sangara wa Ziwa Turkana, aliyepasuliwa mgongoni, akapakwa chumvi, akaanikwa juani Kalokol, kando ya ziwa upande wa magharibi, kisha akapakiwa malori kupitia Kitale na Busia, akavuka Uganda hadi kwetu. Mimi humtambua kwa mkono. Nyama yake imekauka kuliko ya samaki wa Victoria, na chumvi imeshika kwenye mapezi punje kwa punje, kwa sababu jua la kule linakausha kabla chumvi haijamaliza kuyeyuka. Nikimloweka usiku mzima maji yanakuwa ya rangi ya chai, ndipo ninamwuza.

Kwa hiyo ziwa linalisha watu, ila si kwa namna ambayo wataalamu walitaka. Katika miaka ya 1970 Norway ilianza kuwasaidia Waturkana waliopoteza mifugo wawe wavuvi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikajengwa Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki kwa barafu. Kugandisha kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na Kalokol haikuwa na kimoja wala kingine. Kisha ghuba ya Ferguson, ambamo ngege walikuwa wakizaa, ikakauka kwa ukame wa miaka hiyohiyo, na 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu. Ninaposikia mtu akisema kwamba mradi ulishindwa kwa sababu Waturkana ni wafugaji wasiojua samaki, nakasirika, kwa sababu kuna koo zao zilizokuwa zikivua kando ya ziwa tangu zamani, na leo wanavua, wanatia chumvi na kuanika bila barafu ya mtu yeyote. Kilichoshindwa ni barafu.

Ugumu wao ni mwingine. Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa huletwa na mto mmoja, Omo, unaotoka Ethiopia, na tangu bwawa la Gibe III lizinduliwe mwishoni mwa 2016 ufunguo wa mto huo umekuwa mikononi mwa wengine, pamoja na mashamba makubwa ya miwa yanayonywa maji kabla hayajafika ziwani. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Watu wakangoja ziwa lipungue, na kumbe kuanzia mvua kubwa za 2019 na 2020 limepanda, likafunika nyumba na vichanja vya kuanikia samaki upande wa Kalokol. Kaskazini, karibu na Todonyang, wavuvi wa Kiturkana na Wadassanech wa Ethiopia wanauana kwa ajili ya nyavu na mahali pa kuvulia. Mwaka ambao huko kuna mapigano, gunia langu hupanda bei, na hivyo ndivyo mimi hupata habari za Todonyang kabla ya redio.

Mama Neema (Bukavu):

Mwalimu, neno moja kwa mdogo wako. Aulize mahali panapoitwa Namoratunga, karibu na Kalokol, kwenye barabara ya kutoka Lodwar. Kuna nguzo za mawe zilizosimamishwa miaka inayokaribia 5,000 iliyopita, na wenyeji husema ni watu waliogeuzwa mawe kwa kucheka walipokatazwa kucheka. Kila apitaye huweka jiwe dogo juu yake. Mimi niliweka langu 2011.

Mwalimu wa Katindo (Goma):

Nimempigia jana usiku. Anasema ruhusa ya kutoka kambini hadi Lodwar si rahisi, lakini jirani yake wa Kiturkana anakwenda Kalokol kila mwezi kuchukua samaki, naye ameahidi kumpigia picha ya nguzo hizo na ya kisima cha laga. Zikifika nitazibandika ukutani darasani, kati ya ramani ya Omo na ile ya Ruzizi.